Shilingi Kumi kwa Wiki: Utoto wa Kijijini katika Kumbukumbu za Waingereza

Utangulizi

Katika semina yetu moja ya fasihi linganishi, mwenzetu mmoja alisimama akasema kuwa vitabu vya Waingereza kuhusu utoto wa kijijini ni sukari tupu. Eti ukivifungua unakuta kijito, maua, nyuki, na mama anayeoka mkate; njaa hakuna, mwenye shamba hayupo, tabaka halitajwi. Ni yale yale ya funika kombe mwanaharamu apite. Mwenzetu mwingine akamrukia: kwani mtu akimkumbuka mama yake ni lazima aandike ripoti ya uchumi? Tulicheka, muda ukaisha, tukatawanyika.

Swali lile lilinifuata hadi bwenini. Nilikuwa nimecheka na wenzangu ilhali vitabu vyenyewe sikuwa nimevisoma hadi mwisho, na nina wasiwasi kwamba sikuwa peke yangu. Basi nikaenda maktaba. Makala haya ni matokeo ya safari hiyo. Yanakusudia kueleza jinsi waandishi watatu wa Kiingereza, yaani Flora Thompson, Laurie Lee na Ronald Blythe, walivyoshughulikia kumbukumbu za utoto na familia katika vijiji vyao, na kuonyesha kwamba pande zote mbili za ubishi wetu zilikosea mahali pamoja. Wote tulikuwa tunauliza kama kumbukumbu hizo ni tamu au chungu. Mimi naona swali la mhakiki ni jingine: anayekumbuka amesimama wapi anapokumbuka, na ni nani ambaye hakupata nafasi ya kukumbuka?

Kijiji chenyewe kilikuwaje?

Hatuwezi kuhakiki kumbukumbu bila kujua kilichokumbukwa. Wengi wetu tulikutana na kijiji cha Kiingereza kwa mara ya kwanza katika mashairi ya darasani, na kwa sababu hiyo tunakidhania kuwa mahali pa watu walioshiba. Historia inasema vingine.

Zamani sehemu kubwa ya ardhi ya vijiji vya Uingereza ilitumiwa kwa pamoja. Mtu maskini aliweza kuchunga ng'ombe mmoja au bata bukini wachache katika mbuga ya wote, na kuokota kuni humo. Kisha ikaja desturi ya kuzungushia ua ardhi hiyo na kuigawa iwe mali ya watu binafsi. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za namna hiyo, zikagusa ekari zipatazo milioni 6.8. Mwenye haki ndogo alipewa kipande kidogo au hakupewa kitu, akabaki na mikono yake ya kuuza. Hivyo ndivyo mkulima mdogo alivyogeuka kuwa kibarua wa shamba la mwingine.

Wengine walihamia mijini. Sensa ya mwaka 1851 ilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Uingereza na Wales walikuwa wanaishi mijini. Waliobaki walifanya kazi kwa ujira mdogo, na nyuma yao kulikuwa na kitisho kimoja: nyumba ya maskini. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1834, mtu aliyeshindwa kujikimu, mzee au mgonjwa asiye na wa kumlea, alitakiwa aingie humo. Ndani ya nyumba hizo wanaume walikaa upande wao na wanawake upande wao, hata kama ni mume na mke. Naomba msomaji aikumbuke nyumba hii, maana itatokea tena katika kila kitabu tutakachokigusa.

Laura na nguruwe

Flora Thompson alizaliwa mwaka 1876 katika kitongoji cha Juniper Hill, Oxfordshire. Baba yake alikuwa mwashi wa mawe; mama yake alipokuwa msichana alifanya kazi ya uyaya. Flora aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne hivi, akaenda kufanya kazi katika posta ya kijiji cha jirani. Aliolewa na karani wa posta, akalea watoto, akajisomea kwa vitabu vya maktaba za umma. Mwaka 1911 alishinda shindano la insha la gazeti moja la wanawake, na mada ya insha hiyo ilikuwa Jane Austen. Sisi tunaohangaika na insha za uhakiki tumwangalie vizuri mama huyu: aliingia katika uandishi kwa mlango wetu huu huu, bila chuo, bila mhadhiri.

Kumbukumbu zake alizitoa akiwa na umri wa miaka zaidi ya sitini. Lark Rise kilitoka mwaka 1939, Over to Candleford mwaka 1941, Candleford Green mwaka 1943, na mwaka 1945 vyote vitatu vikaunganishwa kwa jina la Lark Rise to Candleford. Alifariki mwaka 1947.

Kifani, jambo la kwanza linaloshangaza ni kwamba mwandishi haandiki "mimi". Mtoto wa kitabu anaitwa Laura, na anasimuliwa kwa nafsi ya tatu. Kitongoji nacho kimebadilishwa jina. Hii si aibu wala kujificha. Kwa kumwita mtoto yule Laura, mwandishi anapata nafasi ya kumzunguka, kumtazama akiwa katikati ya wengine, na mara kwa mara kumwacha ili aeleze kodi ya nyumba, bei ya unga, au jinsi maji yalivyotekwa kisimani. Nafsi inayokumbuka imejitenga na nafsi inayokumbukwa, na katika pengo hilo ndimo jamii nzima inamoingia.

Na jamii hiyo ilikuwa maskini hasa. Kibarua wa shamba alilipwa shilingi kumi kwa wiki. Hapa jina lisitudanganye. Shilingi yetu ya Afrika Mashariki ilirithi jina kutoka kwa shilingi ya Kiingereza, lakini ya kwao ilikuwa sehemu moja ya ishirini ya pauni; kwa hiyo mshahara huo ulikuwa nusu pauni. Kodi ya nyumba ilichukua kati ya shilingi moja na mbili na nusu. Iliyobaki ilipaswa kulisha nyumba yenye watoto wengi kwa siku saba. Mlo wa moto ulikuwa mmoja kwa siku, jioni, na vyote vilichemshwa katika sufuria moja: kipande kidogo cha nyama ya nguruwe, mboga za bustanini, na donge la unga lililofungwa katika kitambaa.

Ndiyo maana nguruwe ni kama mhusika mkuu. Karibu kila nyumba ilikuwa na banda la nguruwe ubavuni. Watoto walimkusanyia magugu na konokono njiani wakitoka shule. Jumapili wanaume walitembeleana kumtazama, wakamkuna mgongo, wakajadili unene wake kama sisi tunavyojadili mpira. Familia isiyo na fedha za chakula chake iliweza kukopa kwa mwoka mikate au msaga nafaka, na deni likalipwa kwa nusu ya nguruwe huyo atakapochinjwa. Yaani mnyama angali hai, nusu yake imeshaliwa na deni.

Siku ya kuchinja ilikuwa sikukuu. Mwandishi hafichi furaha hiyo: jamaa wanaalikwa, meza inajaa, watoto wanashiba. Lakini anamwacha pia Laura asimame peke yake mbele ya mzoga uliotundikwa, amwonee huruma mnyama aliyekuwa wa nyumbani. Hayo mawili, shibe na huzuni, hayapatanishwi. Ukisema ukurasa huo ni mtamu umesema kweli. Ukisema ni mchungu pia umesema kweli. Kumbe ndivyo maisha ya nyumba ile yalivyokuwa.

Tazama vilevile watoto wa kike. Thompson anatuambia kuwa msichana aliyezidi miaka kumi na miwili au kumi na mitatu hakuonekana akiishi nyumbani. Alipelekwa kutumika katika nyumba za watu, kwanza karibu, baadaye mbali katika nyumba kubwa zaidi. Kwa lugha yetu ya mitaani, walikwenda kuwa mahausigeli. Mama aliagana na mtoto, nafasi ya kulala ikapatikana kwa wadogo, na baada ya muda sehemu ya mshahara ikaanza kurudi nyumbani. Mwandishi halii juu ya jambo hili. Analieleza kama utaratibu, na huo utulivu ndio unaomuuma msomaji.

Humo humo yumo bibi mmoja, Sally, aliyekuwa na nyumba nzuri na bustani. Laura anapomsikiliza anagundua kwamba bibi huyo anakumbuka wakati mbuga ilipokuwa bado ya wote, watu wakiwa na mifugo yao. Kwa hiyo umaskini wa kitongoji si hali ya asili, si mapenzi ya Mungu. Una tarehe na una sababu. Mwandishi hasemi hivyo kwa sauti ya mhutubu. Amemweka bibi kizee katika hadithi na kumwacha azungumze.

Kuna ukurasa mwingine ambao kila mwanafunzi wa fasihi angeusoma. Mwanzoni mwa mwaka 1909 wazee waliofikisha miaka sabini walianza kulipwa pensheni ya serikali, kiwango cha juu kikiwa shilingi tano kwa wiki, nusu ya ule ujira wa kibarua. Thompson anasimulia jinsi wazee walivyofika posta kuchukua fedha hizo, wakabubujikwa na machozi, wakamwombea baraka waziri waliyemdhania kuwa bwana mkubwa mwenye cheo cha ukoo, kwa sababu hawakuamini kwamba mtu wa kawaida angeweza kuwapa fedha nyingi hivyo. Baadaye wakamletea maua na matofaa binti wa posta, ambaye kazi yake ilikuwa kuzihesabu tu na kuwakabidhi. Ukiisoma peke yake ni hadithi ya kuchekesha. Ukiisoma huku unaikumbuka nyumba ya maskini, unaelewa kwamba wale wazee walikuwa wanalilia nini: walikuwa wameponea chupuchupu.

Kitabu cha kwanza kinakwishaje? Kinakwisha na vita ya 1914 hadi 1918. Katika ukuta wa kanisa kuna bamba la shaba lenye majina ya vijana wa mahali pale ambao hawakurudi. Majina yamepangwa safu mbili, matano matano, na chini yake, peke yake, jina la Edmund, mdogo wake Laura. Katika maisha halisi aliitwa Edwin, naye aliuawa Ubelgiji mwaka 1916. Mwandishi hataji kilio cha mama wala cha dada. Anatusomea bamba tu, kisha ananyamaza. Huyu ndiye mtu tuliyesema anatuuzia sukari.

Mtoto katika majani

Laurie Lee ni wa namna nyingine kabisa. Alizaliwa Stroud, Gloucestershire, mwaka 1914, akalelewa katika kijiji cha Slad tangu akiwa na miaka mitatu. Kitabu chake, Cider with Rosie, ambacho jina lake tunaweza kulifasiri kuwa "Pombe ya Matofaa pamoja na Rosie", kilitoka mwaka 1959 na kikasomwa sana, zikiwemo shule za Uingereza. Kama kuna kitabu ambacho mwenzetu wa semina angeweza kukishtaki kwa sukari, ni hiki. Lee alikuwa mshairi, na nathari yake imejaa tashbihi na sitiari hadi msomaji anatafuta pa kupumulia.

Yeye anatumia "mimi", tena mimi ya mtoto mdogo. Kitabu kinaanza anaposhushwa kutoka gari la mizigo katika majani yaliyomzidi kimo, naye anaangua kilio, hadi dada zake wanakuja kumwokoa. Majani hayo ni ya kawaida tu. Kwa mtoto ni msitu. Hapo ndipo ilipo siri ya fani yake. Thompson anasogea mbali na mtoto ili tuione jamii, Lee anainama hadi usawa wa macho ya mtoto ili tuuone ulimwengu kabla haujapewa majina.

Mfano mzuri ni siku yake ya kwanza shuleni. Mwalimu anamwambia akae hapo kwa sasa. Katika Kiingereza neno la "sasa" na neno la "zawadi" ni moja. Mtoto anaketi kutwa nzima akingoja zawadi yake, na jioni anarudi nyumbani na hasira kwamba amedhulumiwa. Tunacheka, lakini tunajifunza pia kwamba lugha ya wakubwa ni nchi ya kigeni kwa kila mtoto, hata yule aliyezaliwa nayo. Sisi tulioanza masomo kwa lugha moja na kuyaendeleza kwa nyingine hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Je, uchungu umo? Umo tele, ila umevaa nguo za sherehe. Baba yake Lee aliiacha familia. Mama, aliyeingia katika nyumba hiyo kama mtunza nyumba wa mjane mwenye watoto, akabaki na mzigo wa watoto wa mke aliyetangulia pamoja na wa kwake mwenyewe, akimngoja mume huyo kwa miaka thelathini. Lee anamchora mama huyu kwa mapenzi makubwa: anapoteza vitu, anachelewa basi, anapanda maua kila kopo, anacheka na kulia kwa pumzi moja. Lakini soma tena sura hiyo polepole. Kila kichekesho kina msingi wa mwanamke aliyeachwa bila fedha za kutosha. Dada yake, Frances, alifariki angali mtoto.

Kisha kuna kifo cha mtu aliyerudi kutoka New Zealand akiwa na fedha, akajisifu baa mbele ya vijana wa kijiji. Usiku huo alipigwa na kuachwa katika theluji, akafa. Polisi walikuja, wakauliza, na kijiji kizima kikafunga mdomo. Mwandishi haitukuzi siri hiyo wala haihukumu. Anatuonyesha tu kwamba ule umoja wa kijiji tunaousifu katika insha zetu ndio huo huo unaoweza kumficha muuaji.

Na tazama nyumba ya maskini inavyorudi. Wazee wawili, mume na mke, walioishi pamoja zaidi ya miaka hamsini, wanaonekana kudhoofika. Wenye mamlaka, kwa nia njema, wanawapeleka katika nyumba ile. Humo wanatenganishwa, mume upande wake na mke upande wake. Haikupita wiki, wote wawili wakawa wamekufa. Lee, mwenye maneno mengi kuliko wote, hapa anatumia maneno machache. Mshairi anayejua wapi aache kupamba si mwongo.

Mwenyewe alitahadharisha mwanzoni mwa kitabu kwamba huenda wakati umepinda baadhi ya mambo. Wapo wanaoichukulia tahadhari hiyo kuwa ni ungamo la uongo. Mimi naichukulia kuwa maelekezo ya kusoma: usije ukaniuliza tarehe, niulize ilivyohisiwa. Ila tunapaswa kusema wazi pia upungufu wake. Wasichana katika kitabu hiki, Rosie akiwemo, tunawaona kwa macho ya mvulana tu. Wao walikumbuka nini? Kitabu hakituambii.

Vinywa vingi

Hapo ndipo anapoingia wa tatu. Ronald Blythe alizaliwa mwaka 1922 katika familia ya vibarua wa shamba huko Suffolk, na alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka mia moja. Kitabu chake Akenfield kilitoka mwaka 1969. Jina la kijiji ni la kubuni, lakini watu waliozungumza naye walikuwa wa kweli, wa maeneo alikokuwa akiishi, na mazungumzo yalifanyika mnamo 1966 na 1967. Kabla yake, George Ewart Evans, mzaliwa wa Wales aliyehamia kijiji cha Blaxhall katika Suffolk hiyo hiyo, alikuwa amefungua njia kwa kitabu cha mwaka 1956 kilichotokana na kuwasikiliza wazee majirani zake.

Katika Akenfield wanasema vibarua, mhunzi, mwalimu wa kike, muuguzi wa wilaya, na mwishoni kabisa mchimba makaburi. Kila mmoja kwa kinywa chake. Sisi tuliosoma kozi ya fasihi simulizi tutaitambua kazi hii mara moja: kwenda kwa wazee, kuketi, kusikiliza, kuandika. Tutatambua pia tatizo lake. Baadhi ya wanahistoria walimlaumu Blythe kwa kutoweka bayana ni wapi maneno ya msemaji yanakwisha na mkono wa mwandishi unaanza. Lawama hiyo ni ya haki. Mtu anayekusanya masimulizi hana budi kuijibu.

Hata hivyo, angalia kinachopatikana vinywa vinapokuwa vingi. Mzee mmoja kibarua anakumbuka jinsi alivyojiunga na jeshi mwaka 1914 akiwa kijana, na kwamba jeshini alikula vizuri kuliko nyumbani. Baadaye alipelekwa Gallipoli, akaona mambo ya kutisha. Tafakari hapo: kijana anatoka katika kijiji cha postikadi, anakwenda vitani, na jambo la kwanza analolifurahia ni chakula. Muuguzi naye anapinga ile hadithi tuipendayo, kwamba zamani wazee waliheshimiwa na kutunzwa na familia zao. Yeye aliingia ndani ya nyumba hizo kikazi, na alikuta wazee waliosukumwa pembeni. Mtoto wa nyumba ile angeandika kumbukumbu, huenda angeandika juu ya maua ya bustanini. Asingekuwa anadanganya. Hakuwa na macho ya muuguzi, basi.

Kitabu hiki kilizaa filamu ya mwaka 1974, iliyoongozwa na Peter Hall, ambamo wanavijiji wenyewe ndio waliocheza, si waigizaji wa mjini.

Ngazi inayorudi nyuma

Hakuna aliyelieleza tatizo la utamu wa kijiji vizuri kama mhakiki Raymond Williams katika The Country and the City, kitabu cha mwaka 1973. Williams alikuwa mtoto wa mwongoza ishara za reli katika kijiji cha Pandy, mpakani mwa Wales na Uingereza, kwa hiyo hakuwa anazungumzia kijiji kwa kusikia. Aliona kwamba kila kizazi cha waandishi wa Kiingereza kinalalamika kuwa kijiji cha kweli kimekufa juzi juzi tu, wakati wa utoto wao. Ukienda kwa waliokuwa wazima wakati wa utoto huo, nao wanasema kimekufa juzi, wakati wao walipokuwa wadogo. Unarudi kwa Thomas Hardy, unarudi kwa Oliver Goldsmith aliyekwisha kukililia kijiji kilichohamwa katika shairi la mwaka 1770, unaendelea kurudi, kama mtu aliyepanda ngazi ya umeme inayokwenda nyuma, mpaka unajikuta katika bustani ya Edeni.

Hoja ya Williams si kwamba wote walikuwa waongo. Anasema kila malalamiko yana maana yake kwa wakati wake, na ni wajibu wa mhakiki kuitafuta. Thompson aliandika wakati vita ya pili inakuja. Mwanawe mdogo aliuawa baharini mwaka 1941, mwaka ule ule kitabu chake cha pili kilipotoka. Lee aliandika katika miaka ya hamsini, wakati magari na televisheni vinaingia kila pembe, na yeye mwenyewe alikwisha kuondoka Slad kwa miguu mwaka 1934. Kila mmoja alikumbuka akiwa amesimama mahali, na mahali hapo pameingia katika kumbukumbu. Utoto huwa mtamu pia kwa sababu ni wa mtoto: kodi ya nyumba hakuilipa yeye. Mtu mzima anapojua hilo na kutuachia dalili zake ndani ya maandishi, amefanya kazi ya sanaa. Asipojua, ametuletea postikadi.

Hitimisho

Nimalizie nyumbani, maana ndiko swali hili lilikonipeleka. Bibi yangu mzaa mama anapenda kusimulia juu ya mto wa kijijini kwao. Maji yake, embe zake, michezo ya wasichana jioni. Nimeusikia mto huo tangu nikiwa mdogo na nikawa nauona kama wangu. Likizo iliyopita, baada ya kusoma vitabu hivi, nilimuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza: "Na shule, Bibi, ilikuwa upande gani wa mto?" Akacheka. Akasema, "Mjukuu wangu, shule walikwenda kaka zangu. Mimi mtoni nilikuwa nafua nepi za wadogo zangu." Kisha akaendelea na embe.

Ni mto ule ule. Bibi hakunidanganya miaka yote hiyo, na embe zilikuwa tamu kweli. Mimi ndiye sikuuliza.

Kwa hiyo kwa mwenzetu wa semina nasema: sukari imo, lakini onja hadi chini ya kikombe. Na kwa yule aliyemjibu nasema: ripoti ya uchumi imo pia, mama mwenyewe ndiye kaibeba kichwani. Tunapohakiki wasifu na tawasifu zetu za Kiswahili, na zaidi tunapoanza kuandika za kwetu, tusishindane kupima utamu na uchungu. Tuulize nani anasimulia, amesimama wapi, na nani alikuwa anafua wakati wengine wanaogelea. Mwenye hoja ya kupinga, kurasa za jarida hili ziko wazi. Nami nitafurahi kukosolewa.